Choo Tunachokiogopa, Mkojo Tunaoubana: Mhadhara juu ya Kinga ya UTI

Mhadhara uliotolewa jijini Mwanza mbele ya walimu, viongozi wa masoko na wahudumu wa afya

  

Nimekuja na lengo moja. Nataka tukitoka humu tuwe tumekubaliana kwamba maambukizi ya njia ya mkojo, haya ambayo kila mtu anayaita UTI, yanaweza kupunguzwa sana, na kwamba kinga yake haianzii famasi. Inaanzia kwenye maji tunayokunywa, kwenye nafasi ya kwenda haja ndogo pale mwili unapotaka, na kwenye kipimo kinachofanyika kabla dawa haijamezwa. Nina hoja sita. Nitavitaja viungo vya mwili kwa majina yake, na naomba mniwie radhi mapema; mkunga hawezi kufundisha kwa mafumbo.

Hoja ya kwanza: Vijidudu vya UTI vinatoka mwilini mwetu wenyewe

Muulize mtu yeyote mtaani UTI inatoka wapi. Atakujibu: chooni. Mama akirudi safari na mkojo ukaanza kumchoma, jambo la kwanza analolikumbuka ni choo cha stendi. Wapo hata wanaoogopa mvuke unaopanda kutoka kwenye tundu la choo. Naona vichwa vinatikisika, kwa hiyo tunafahamiana.

Ukweli ni mwingine. Maambukizi haya kwa sehemu kubwa, kama robo tatu au zaidi, husababishwa na bakteria mmoja anayeitwa Escherichia coli. Alielezwa mara ya kwanza mwaka 1885 na daktari wa watoto Theodor Escherich, ambaye alimkuta kwenye kinyesi cha watoto wachanga. Bakteria huyu anaishi matumboni mwetu sote, mimi na wewe, na akiwa humo hana ubaya. Shida huanza anapotoka kwenye njia ya haja kubwa, akatambaa juu ya ngozi, akaingia kwenye mrija wa mkojo na kupanda hadi kwenye kibofu. Mrija huo kwa mwanamke una urefu wa sentimeta 4 hivi, na matundu haya mawili yamekaribiana. Kwa mwanamume mrija unafika kama sentimeta 20. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya wanawake kuugua mara nyingi zaidi. Takriban nusu ya wanawake wote hupata ugonjwa huu angalau mara moja maishani. Nataka akina baba walisikie hili vizuri: mke mwenye UTI hajafanya uchafu wala uzinzi. Ni maumbile yake.

Mvuke hauwezi kubeba bakteria na kuwapandisha kibofuni. Kukaa juu ya choo cha kukalia nako si njia ya kawaida ya kupata UTI. Simaanishi kwamba choo kichafu ni salama, kwa sababu kinaleta kuhara, kipindupindu na minyoo. Kibofu nacho kinadhurika, ila kwa njia tusiyoifikiria: choo kichafu kinamfanya mtu abane mkojo na akatae kunywa maji. Ninayoyasema jioni hii yote yamejengwa juu ya jambo hilo. Hofu ya choo inatuingiza katika ugonjwa uleule tunaoukimbia.

Hoja ya pili: Maji ya kunywa na kukojoa kwa wakati ndiyo kinga ya kwanza

Kibofu kina namna yake ya kujisafisha, nayo ni kukojoa. Kila unapokojoa, mkojo unawasukuma nje bakteria waliokuwa wameanza kupanda. Ukibana, unawapa muda. E. coli, akiwa katika mazingira mazuri kabisa ya maabara, anaweza kujigawa kila baada ya dakika 20. Fanyeni hesabu: bakteria mmoja, baada ya saa nne za kujigawa hivyo, anakuwa zaidi ya 4,000. Kibofuni mambo hayaendi kasi hiyo kila wakati, lakini hesabu inatuonyesha kwa nini asubuhi nzima bila kukojoa si jambo dogo.

Kuhusu maji tuna ushahidi mzuri. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanyika Bulgaria kwa wanawake 140 waliokuwa wakiugua UTI ya kujirudia na ambao kwa siku walikuwa wakinywa chini ya lita moja na nusu za vinywaji. Nusu yao waliongezewa lita moja na nusu za maji kila siku kwa mwaka mzima. Nusu nyingine waliendelea na mazoea yao. Walioongeza maji waliugua kwa wastani mara 1.7 katika mwaka huo. Wenzao waliugua mara 3.2. Ni maji matupu, yasiyo na kidonge ndani yake, yaliyopunguza ugonjwa kwa karibu nusu.

Sasa tujiulize ni nani kati yetu hanywi maji. Ni mama anayeuza samaki tangu alfajiri, ambaye hana wa kumwachia meza. Ni mwalimu mwenye vipindi vinavyofuatana. Ni muuguzi wa zamu ya usiku aliye peke yake wodini. Ni abiria wa basi la mikoani. Basi likisimama porini na kondakta akatangaza kuchimba dawa, wanaume wanashuka na kumaliza haja yao dakika ileile. Mama mwenye gauni na mtoto mgongoni anabaki kwenye kiti. Safari ijayo ameshajifunza: hanywi maji tangu jana yake. Na ni msichana wa shule anayebana mkojo tangu asubuhi hadi arudi nyumbani, kwa sababu choo cha shule hakina mlango, au hakina maji, au foleni yake inamaliza mapumziko.

Walimu, mwongozo wetu wa vyoo vya shule mnaujua: tundu moja la choo kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Kila mmoja anajua shule yake iko wapi katika hesabu hiyo. Ninachowaomba mwanzoni hakihitaji hata mfuko wa saruji. Mtoto akinyoosha mkono na kuomba ruhusa, mruhusuni. Anayezoea kubana akiwa darasa la pili ataendelea kubana akiwa mtu mzima.

Kwa matumizi ya nyumbani, mambo ni mepesi. Kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa, hadi mkojo wako uwe na rangi ya manjano iliyofifia. Ukiwa wa manjano iliyoiva, una kiu hata kama huisikii. Nenda kukojoa kila baada ya saa tatu au nne. Ukiwa chooni usikimbie, acha mkojo uishe kabisa. Wanaofunga Ramadhani wagawanye maji yao kati ya futari na daku, wasisubiri kuyanywa yote kwa mkupuo. Mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo ambaye daktari amempangia kiasi cha maji, afuate kipimo cha daktari wake wala asifuate changu.

Hoja ya tatu: Usafi unaokinga ni wa nje

Wanawake wa kwetu ni wasafi, na hilo halina ubishi. Kosa linatokea pale usafi unapovuka mpaka. Ndani ya uke wanaishi bakteria wema, laktobasili, wanaotengeneza tindikali inayowazuia wabaya wasiote. Mwanamke anayejiosha ndani kwa sabuni, kwa dawa ya kuua vijidudu, kwa shabu au kwa marashi, anawaua walinzi hao. Baada ya hapo E. coli anapata makao jirani kabisa na mrija wa mkojo. Osha nje kwa maji safi, inatosha. Ndani panajisafisha penyewe.

Kutawaza kuwe kwa kutoka mbele kwenda nyuma, ili kinyesi kisivutwe kuelekea njia ya mkojo. Akina mama wafundisheni mabinti hivyo tangu wanapoanza kwenda chooni wenyewe, na mnapomsafisha mtoto wa kike fuateni uelekeo huohuo.

Baada ya tendo la ndoa, mke aende kukojoa. Tendo lenyewe halina kosa, lakini linasukuma bakteria waliopo kwenye ngozi kuelekea kwenye mrija. Kukojoa ni tahadhari isiyo na gharama wala madhara. Wanaotumia dawa za kuua mbegu za kiume, zikiwemo zile zinazopakwa kwenye baadhi ya kondomu, wajue kwamba dawa hizo nazo zinawadhuru laktobasili na kuongeza UTI. Mwenye kuugua mara kwa mara aende kituoni akaulizie njia nyingine ya uzazi wa mpango. Asiache kujikinga, abadilishe njia.

Hoja ya nne: Si kila maumivu ya chini ya kitovu ni UTI

Hapa naomba wenye maduka ya dawa waliomo ukumbini wanisikilize kwa makini, kwa sababu nazungumza nao kama wenzangu.

Kati ya mwaka 2019 na 2020 ulifanyika utafiti mkubwa katika Kenya, Uganda na Tanzania, na mkoa wetu wa Mwanza ulikuwa mmoja wa maeneo yake, pamoja na Mbeya na Kilimanjaro. Wagonjwa zaidi ya 7,500 waliofika vituoni na dalili za UTI walichukuliwa mkojo, ukaoteshwa maabara. Walioonekana na maambukizi ya bakteria kwenye mkojo walikuwa kama theluthi moja tu. Watu wengine wote, karibu wawili katika kila watatu, walikuwa na dalili lakini bakteria hawakuota.

Basi walikuwa na nini? Mkojo unaochoma unaweza kuwa kisonono au klamidia, ambazo zina dawa zake na zinadai mwenza naye atibiwe. Muwasho na uchafu mzito mweupe unaweza kuwa fangasi ukeni, na antibaiotiki huchochea fangasi badala ya kuwatibu. Damu kwenye mkojo, hasa kwa mtoto anayecheza kwenye madimbwi na mabwawa, inaweza kuwa kichocho. Kila ugonjwa una njia yake. Tukiwapa wote kidonge kimoja na jina moja, tunawaacha wengi na ugonjwa wao, na wakirudi tunawaambia wana UTI sugu.

Kwa hiyo mkojo upimwe. Kijiti cha kupimia kinatoa fununu ndani ya dakika chache. Lakini kwa mwenye ugonjwa unaojirudia, kwa mjamzito, na kwa aliyemaliza dawa bila nafuu, kipimo cha kuaminika ni kuotesha mkojo, kwa sababu kinataja bakteria ni yupi na dawa ipi inamuweza. Majibu huchukua siku mbili au tatu. Ni subira yenye faida. Nanyi wagonjwa mna sehemu yenu: nawa mikono, safisha sehemu za siri kwa maji, acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati kwenye kopo safi ulilopewa, kisha ufikishe maabara mapema. Mkojo uliokaa juani kwenye mfuko wa pikipiki utaotesha bakteria ambao kibofu chako hakijawahi kuwaona.

Watoto nao wasisahaulike. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara kwa watoto 1,005 wenye homa, na kuchapishwa mwaka 2014, ulikuta malaria kwa watoto kama 10 katika kila 100, na UTI kwa karibu 6. Mtoto mdogo hawezi kukuambia kwamba mkojo unamchoma. Atapata homa, atatapika, atakataa kunyonya. Kipimo cha malaria kikisema hana, na chanzo kingine hakionekani, mwombe mhudumu apime mkojo.

Hoja ya tano: Antibaiotiki ni akiba ya jamii nzima

Katika utafiti huohuo wa nchi tatu, karibu nusu ya wagonjwa ambao mkojo wao uliota bakteria walikuwa na wale wanaohimili dawa za makundi matatu au zaidi. Huu si usugu wa mgonjwa. Ni usugu wa bakteria, na bakteria sugu anahama kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Dawa ninayoimeza ovyo leo inaweza kushindwa kumtibu mtoto wa jirani mwakani. Ulimwenguni kote, makadirio ya wataalamu yanasema watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria waliozishinda dawa.

Shirika la Afya Duniani limezigawa antibaiotiki katika makundi matatu tangu 2017: za kutumika kwanza, za kutumika kwa uangalifu, na za akiba. Nitrofurantoini, dawa ya zamani na ya bei nafuu inayofanya kazi kwenye kibofu, imo katika kundi la kwanza. Siprofloksasini na seftriaksoni, yaani ile sindano inayoombwa sana na wagonjwa wetu, zimo katika kundi la uangalifu. Hata hivyo tunajua wenyewe kinachoendelea. Mtu anafika dirishani anasema, "Nipe sipro za elfu moja," na anazipata. Mwingine anadai sindano tano kwa sababu anaamini kidonge ni dhaifu. Nguvu ya dawa inapimwa kwa kulingana na bakteria aliyepo, na kudungwa sindano hakuiongezi.

Basi tushikamane na mambo manne. Dawa iandikwe na mtaalamu. Imezwe kwa siku zote zilizoandikwa, hata kama maumivu yameisha siku ya pili. Isigawanywe na dada wala shoga. Na asiye na dalili yoyote, ambaye kipimo cha kawaida tu kimeonyesha bakteria, kwa kawaida haihitaji. Mjamzito ndiye mtu mkuu asiyeingia katika kanuni hiyo, na naanza naye katika hoja inayofuata.

Hoja ya sita: Wapo wanaohitaji jicho la pili

Mjamzito. Wajawazito kati ya 2 na 10 katika kila 100 wana bakteria kwenye mkojo bila maumivu yoyote. Mimba inalegeza mirija inayotoka kwenye figo na mkojo unatembea polepole. Wasipotibiwa, hadi 30 katika kila 100 kati ya hao wanaweza kupata maambukizi ya figo, na hapo uchungu unaweza kuja kabla ya miezi kutimia. Ndiyo maana kila anayehudhuria kliniki anastahili kupimwa mkojo. Akina baba mnaowasindikiza wake zenu, na nawapongeza kwa hilo, ulizeni: mkojo umepimwa?

Mama aliyekoma hedhi. Homoni ya estrojeni ikipungua, laktobasili nao wanapungua. Utafiti wa mwaka 1993 kwa wanawake 93 wa umri huo ulionyesha kuwa waliopaka krimu ya estrojeni ukeni waliugua wastani wa mara 0.5 kwa mwaka, na waliopaka krimu isiyo na dawa waliugua mara 5.9. Mama zangu mliokaa na mateso haya miaka mkidhani ni uzee, muulizeni daktari juu ya krimu hiyo.

Mwenye kisukari, na mzee mwenye tezi dume iliyovimba. Wa kwanza adhibiti sukari. Wa pili asione haya kusema kwamba mkojo unakatika na hauishi. Mkojo unaobaki kibofuni ni bwawa lililotuama, na bwawa lililotuama halikosi wadudu.

Aliyelazwa na kuwekewa mpira wa mkojo. Kila siku mpira unapobaki, uwezekano wa kupata bakteria unaongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Wauguzi wenzangu, tujiulize kila asubuhi kama mpira huo bado unahitajika. Ndugu wa mgonjwa, mnaruhusiwa kutuuliza.

Na yeyote anayeugua mara mbili ndani ya miezi sita, au mara tatu ndani ya mwaka, asiishi kwa kununua dawa. Aende hospitali achunguzwe. Mwenye homa, kutetemeka, kutapika na maumivu ubavuni chini ya mbavu, asisubiri kesho: maambukizi yamefika kwenye figo.

Tunakokwenda

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimefika mwisho wa hoja, na sasa ni zamu ya kazi.

Kwa walimu wakuu: kabla muhula ujao haujafunguliwa, kagueni vyoo vya wasichana mkiwa pamoja na wasichana wenyewe. Mlango wenye komeo, maji na mahali pa kutupia pedi viingie kwenye bajeti ya kwanza.

Kwa viongozi wa masoko: wekeni utaratibu wa mfanyabiashara kumwangalizia mwenzake meza, na ada ya choo isitozwe kwa wanaolipa ushuru kila siku. Choo kisafishwe kwa ratiba iliyobandikwa mlangoni, na jina la msimamizi wake lisomeke.

Kwa wenye mabasi: simamisheni safari mahali penye choo chenye mlango, na mtangaze mapema basi litasimama wapi, ili mama anywe maji bila hofu.

Kwa maduka ya dawa na vituo vya afya: anayekuja na dalili aelekezwe kupima. Na sisi tunaopanga huduma tuhakikishe kipimo cha kuotesha mkojo kinafika hadi hospitali za wilaya, kwa bei ambayo muuza dagaa anaimudu.

Hakuna hata moja kati ya haya linalomtaka mtu asubiri dawa mpya igunduliwe. Naomba mkutano huu uchague kamati ndogo leo hii, kabla hatujatawanyika, yenye mwalimu, mfanyabiashara, dereva na muuguzi. Baada ya mwaka mmoja tukutane tena, kila upande ulete taarifa yake: vyoo vingapi vimepata milango, vituo vingapi vinaotesha mkojo, wanafunzi wangapi wana chupa ya maji juu ya dawati. Mimi nitakuja na takwimu za kliniki yetu, na nitakuwa tayari kuhojiwa kama nilivyowahoji ninyi.